Ukilala Firenze, shinda mji mmoja kwa siku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niijibu makala ya safari mliyoichapa hivi karibuni, ambayo iliwashauri wasomaji wanaojiandaa kwenda Italia wafikie Firenze, mji ambao wengi wetu tumezoea kuuita Florence, kisha watenge siku moja ya kuimaliza Toscana, mkoa ambao Firenze ndio mji wake mkuu: asubuhi Siena, mchana San Gimignano, alasiri Pisa, na usiku kurudi hotelini. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja hapa Firenze, na karibu kila kiangazi nawapokea ndugu, majirani wa zamani na marafiki wa watoto wangu wanaofika huku kwa mara ya kwanza. Makala ile ilinisikitisha. Mwandishi wake anaipenda Italia, hilo linaonekana katika kila mstari, lakini msomaji atakayeufuata ushauri wake atazimaliza fedha alizozidunduliza kwa miaka mingi na kurudi nyumbani akiwa ameiona Toscana kupitia dirisha la basi.

Mzunguko ule una zaidi ya kilomita 250 za barabara, sehemu yake ikiwa ni barabara nyembamba za vilimani ambazo basi haliwezi kuzipita kwa haraka. Ukitoa muda wa kusafiri, wa kula, wa kutafuta vyoo na wa kusubiriana, kila mji unabakiwa na saa moja na nusu, pengine pungufu. Hakuna mwenyeji wa Pwani atakayemshauri mgeni wake alale Dar es Salaam, kisha kwa siku moja aione Bagamoyo, avuke kwenda Mji Mkongwe wa Zanzibar, na jioni awe Kilwa Kisiwani. Tungeona ni kumdhulumu mgeni na ni kuidhulumu Kilwa. Sioni kwa nini Siena istahili heshima pungufu ya hiyo.

Mwaka juzi mdogo wangu na mumewe walikuja kutoka Mombasa wakiwa wamekwisha kuilipia safari ya namna hiyo kwa kampuni moja ya watalii, kabla hata hawajaniuliza. Waliondoka alfajiri na kurudi saa tatu usiku wakiwa hoi. Walipofika Pisa, tiketi zote za kupanda mnara kwa alasiri ile zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo shemeji yangu alisimama chini, akapigwa picha, akaitwa basini. Siena mdogo wangu aliikumbuka kwa foleni ya choo na sauti ya mwongoza wageni akiwahimiza waharakishe. Ni mwalimu wa historia yule, na alikuwa ameingojea safari hiyo tangu chuoni.

Ushauri ninaowapa wageni wangu wote ni huu: lala Firenze, shinda mji mmoja, rudi ulale Firenze. Mji huu unafaa sana kuwa kituo cha safari za kutwa kwa sababu stesheni yake kuu, Santa Maria Novella, iko katikati ya mji, mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu kutoka kanisa kuu lenye kuba la Brunelleschi, na reli zinaelekea Pisa, Lucca, Arezzo, Prato na Bologna bila mtu kuhitaji gari. Hata kwa anayeomba viza ya Schengen, kuonyesha malazi ya mji mmoja ni kazi nyepesi kuliko kukusanya karatasi za hoteli tano. Jambo moja tu msomaji alijue mapema: kwenye vibao vya treni hataliona jina la Florence popote. Ataona Firenze S.M.N., na ataona pia Firenze Campo di Marte na Firenze Rifredi, ambazo ni stesheni nyingine za mji huuhuu. Wageni wangu wawili wamewahi kushuka Rifredi wakidhani wamefika.

Nianze na Pisa, kwa kuwa ndio mji unaoonewa zaidi na safari za haraka. Treni ya kawaida kutoka Firenze hadi Pisa Centrale huchukua takriban saa moja. Mnara wenyewe ulianza kujengwa mwaka 1173 juu ya udongo laini, nao ukaanza kuzama upande mmoja wakati ghorofa za chini tu ndizo zilizosimama. Vita vilisimamisha ujenzi kwa karibu miaka mia moja, na ni kusimama huko kulikouokoa, kwa kuwa udongo ulipata muda wa kushikamana kabla ya kuongezewa uzito. Mwaka 1990 mnara ulifungwa kwa hofu ya kuanguka, na haukufunguliwa tena hadi Desemba 2001, baada ya wahandisi kuchota udongo kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini, ule usioinamia, ili mnara urejee nyuma kiasi. Anayetaka kuupanda anunue tiketi kabla ya siku yenyewe, kwa sababu kila tiketi ina saa yake. Mikoba huachwa mahali maalumu, na mtoto aliye chini ya miaka minane haruhusiwi kupanda. Makala yenu haikuligusa hata moja kati ya mambo haya, na familia yenye mtoto mdogo inapaswa kulijua hilo la umri kabla haijalipa.

Lakini Pisa si mnara peke yake, na hapa naomba radhi kwa kurefusha kidogo, kwa sababu jambo ninalolieleza linatuhusu sisi watu wa Pwani kuliko watalii wengine wote. Kando ya mto Arno, katika jumba la makumbusho la San Matteo, yamehifadhiwa mabakuli ya udongo yaliyopakwa rangi za kung'aa na kuchomwa katika nchi za Waislamu zilizoizunguka Mediterania. Katika karne ya 11 na ya 12 watu wa Pisa waliyanunua mabakuli hayo ng'ambo na kuyapachika kwenye kuta za nje za makanisa yao, yawe pambo. Nilipoyaona mara ya kwanza sikuweza kuondoka haraka, kwa maana nilikuwa nimekwisha kuliona jambo hilo nyumbani, kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi na ya Mambrui, ambako wazee wetu walipachika vyombo vya kauri kutoka China kwenye nguzo za makaburi ya watu wao wakubwa. Watu wa bandari mbili zisizojuana, kila mmoja kwa bahari yake, walikitazama chombo cha kigeni kilicholetwa na jahazi wakaona mahali pake ni ukutani, juu, kila apitaye akione.

Nyuma ya mnara, katika makumbusho ya kanisa kuu, yupo pia mnyama wa shaba nyeusi mwenye kichwa cha tai na mwili wa simba, kazi ya mafundi wa Kiislamu, ambaye mwilini mwake kuna maandishi ya Kiarabu ya kumwombea baraka mwenye mali. Alikaa juu ya paa la kanisa hilo kwa karne nyingi, hadi mwaka 1828. Na katika Camposanto, makaburi ya kale yaliyo kwenye uwanja uleule, imewekwa sanamu ya Leonardo wa Pisa, anayejulikana zaidi kwa jina la Fibonacci, mtoto wa mfanyabiashara aliyejifunza hesabu za tarakimu za Kihindi na Kiarabu huko Bugia, mji wa bandari ulioko Algeria ya leo, na aliyewaeleza Wazungu namna ya kuzitumia katika kitabu chake cha mwaka 1202. Sisi tunaohesabu sita, saba na tisa kwa maneno tuliyoyapata kwa Waarabu tuna sababu ya kusimama mbele ya sanamu ile dakika mbili tatu. Mtu aliyepewa saa moja na nusu hataifikia.

Ipo safari moja tu ya miji miwili ninayoiruhusu, nayo ni Pisa na Lucca. Mgeni ashuke Pisa Centrale asubuhi, avuke mto kwa miguu, autembee mji taratibu hadi kwenye mnara, kisha apande treni ya Lucca katika kituo kidogo cha Pisa San Rossore, ambacho kiko karibu zaidi na mnara. Safari hiyo ni ya nusu saa tu. Lucca imezungukwa na kuta nene za kujihami zilizojengwa katika karne ya 16 na ya 17, zenye urefu wa kilomita nne na ushei, na juu yake pamepandwa miti, hivi kwamba jioni wenyeji hutembea huko na watoto wao au huendesha baiskeli. Ndani ya mji upo uwanja wenye umbo la yai ambao nyumba zake zimefuata umbo la kiwanja cha michezo cha Warumi, na upo mnara wa Guinigi wenye miti iliyoota kileleni. Kutoka Lucca treni hurudi moja kwa moja Firenze kwa muda wa saa moja na dakika ishirini hivi, na kwa hiyo hakuna haja ya kupitia Pisa tena. Hata hivyo, anayetaka kuingia makumbusho yote mawili niliyoyataja aiache Lucca kwa siku nyingine.

Kwenda Siena, basi ni bora kuliko treni. Najua watu wetu wengi wanaamini treni ndiyo yenye hadhi, lakini stesheni ya Siena iko bondeni, nje ya mji wa kale, na baadhi ya treni zinamtaka abiria abadilishe treni njiani, katika mji wa Empoli, ilhali basi la haraka linaloondoka karibu na stesheni kuu ya Firenze humfikisha msafiri ukingoni mwa mji wa kale kwa saa moja na robo hivi. Uwanja wake mkuu, Piazza del Campo, umetandazwa matofali kwa umbo la kombe la baharini, na umegawanywa vipande tisa kwa kumbukumbu ya baraza la watu tisa waliotawala wakati unajengwa. Katika jumba la serikali linaloutazama uwanja huo, Ambrogio Lorenzetti alichora mwaka 1338 na 1339 picha kubwa za ukutani zinazoonyesha utawala mwema na utawala mbaya: upande mmoja wakulima wanaingiza mazao mjini na mafundi wako juu ya paa wakijenga, na upande wa pili dhalimu mwenye pembe amekaa juu ya kiti huku nyumba zikibomoka. Zilichorwa katika ukumbi ambamo watawala hao tisa walikutana, ili wazione kila wanapokata shauri. Miaka michache baadaye, mwaka 1348, tauni iliingia. Ukiuendea upande wa kanisa kuu utauona ukuta mrefu uliosimama peke yake bila jengo nyuma yake, mabaki ya kanisa kubwa zaidi ambalo Siena ilikusudia kulijenga na ambalo ujenzi wake ulikoma katika mwaka huo. Mtu anahitaji kusimama chini ya ukuta huo akiwa ametoka kuziona picha za Lorenzetti asubuhi hiyohiyo ndipo aelewe ni mji gani uliopotea. Tarehe 2 Julai na 16 Agosti kuna mbio za farasi za Palio, na asiyezifuata mbio hizo asiende kabisa siku hizo, kwa sababu uwanja hufurika na barabara za katikati hazipitiki.

San Gimignano yenye minara yake kumi na minne iliyosalia ni nzuri, ila haina stesheni. Basi hubadilishwa katika mji wa Poggibonsi, na Jumapili mabasi hupungua sana, kwa hiyo aende siku ya kazi na aiangalie ratiba ya kurudi kabla hajaondoka. Cinque Terre, vile vijiji vitano vya pwani ambavyo makala yenu ilivitaja kwa mstari mmoja kama safari ya kutwa, viko mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa treni kila upande. Anayevitaka akalale La Spezia, mji ulio jirani na vijiji hivyo.

Mji ninaousikitikia kwa kusahauliwa ni Arezzo. Treni za kawaida hufika huko kwa saa moja hadi saa moja na nusu. Katika kanisa la San Francesco, nyuma ya altare, Piero della Francesca alichora kisa cha mti wa msalaba, na miongoni mwa picha hizo yumo Malkia wa Sheba akipiga magoti na kisha akipokewa na Mfalme Suleiman. Bibi yangu alikuwa akitusimulia habari za Balkisi, ndilo jina tunalomwita malkia huyo, na Nabii Suleiman kila Ramadhani, na wa kwanza niliyempeleka Arezzo alikuwa mama yangu, ambaye alizitaja picha zile moja baada ya nyingine bila kusoma kibao. Watu huingizwa huko kwa makundi madogo, kwa hiyo nafasi iwekwe kabla.

Siku za juma nazo zina maana kubwa kuliko makala yenu ilivyodhani. Jumatatu, makumbusho ya Uffizi na ya Accademia, ilimo sanamu ya Daudi ya Michelangelo, yamefungwa, na kwa hiyo Jumatatu ndiyo siku ya kutoka nje ya Firenze. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi makumbusho ya serikali hayatozi kiingilio, na foleni ya Uffizi siku hiyo huwa ndefu mno, lakini Jumapili hiyohiyo, pamoja na Jumamosi inayoitangulia, mitaa ya Arezzo hujaa soko la vitu vya kale ambalo limekuwako tangu mwaka 1968. Mgeni anayeijua kalenda hii hupata nafuu mbili kwa siku moja.

Kuhusu tiketi, nauli ya treni za kawaida za mkoa haipungui kwa kununua mapema, kwa hiyo hakuna sababu ya kujifunga na treni ya saa fulani. Treni za kasi, kama zile za kwenda Bologna kwa muda usiofika dakika arobaini, ndizo zenye nafuu kwa anayewahi. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa lazima igongwe mhuri kwenye mashine ndogo iliyopo stesheni kabla ya kupanda. Katika mwaka wangu wa kwanza nililipa faini kwa kutolijua hilo, nikiwa na tiketi halali mkononi, na mkaguzi hakutaka kunisikiliza. Migomo ya wafanyakazi wa reli nayo ni ya kawaida na hutangazwa siku kadhaa kabla. Katika siku za kazi sheria inazilinda baadhi ya treni za mkoa kwa saa maalumu, ambazo kwa saa zetu ni rahisi kuzikumbuka: saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku.

Wasomaji wasioruhusiwa nguruwe nawaambia wasiogope safari hizi, ila waulize kabla ya kuagiza, kwa kuwa mikate iliyojazwa nyama huku mara nyingi ni ya nguruwe. Pisa na Lucca huuzwa cecina, mkate mwembamba wa unga wa dengu, maji na mafuta ya zeituni unaookwa katika sinia kubwa, nao unashibisha. Anayefikiria kukodi gari akumbuke kwamba huku magari hupita upande wa kulia, na kwamba katikati ya miji hii ya kale pamewekwa mipaka inayolindwa kwa kamera. Anayeivuka bila kibali hupelekewa faini hadi nyumbani, miezi kadhaa baada ya kurejea.

Nina ombi moja kwenu. Makala ile ilieleza kwamba basi la mwisho huondoka "saa 1:10", bila kusema ni saa ya nani. Ratiba za Italia huandikwa kwa saa 24, na 13:10 ni saa saba na dakika kumi mchana, wakati saa moja na dakika kumi ya jioni kwetu huandikwa kule 19:10. Binamu yangu alilikosa basi la Poggibonsi kwa kosa la namna hiyohiyo, akalazimika kulipa teksi ya safari nzima. Tafadhali, mtakapoichapa sehemu ya pili mliyoiahidi, kila muda uandikwe mara mbili, kama ulivyo kwenye kibao cha stesheni na kama tunavyousema sisi, na siku ile moja ya miji mitatu mwigawe iwe siku tatu.

Wasalaam,
Msomaji wenu,
Firenze, Italia